Kabla Hujamlaumu Kocha Msaidizi, Hesabu Ukuta



Leo naomba mnivumilie, maana nazungumzia mpira. Tena si ule wa Gor na Ingwe, wala ule wa Uingereza unaowafanya vijana wetu waje ibadani Jumapili wakiwa wamenuna. Nazungumzia futiboli ya Marekani, ile ya kofia ngumu na mabega yaliyojazwa kama magunia ya mahindi.

Washirika wetu walio ng'ambo wamebishana kwenye kundi letu la WhatsApp wiki nzima. Baadhi yao wanaishi Pittsburgh, na huko, wananiambia, huwezi kukaa mwaka mzima bila kuwa na maoni kuhusu timu ya Pittsburgh Steelers. Ubishi wenyewe ni wa msimu wa 2020, mwaka ambao timu hiyo ilishindwa kabisa kukimbia na mpira. Ni kocha msaidizi yupi alistahili lawama? Mmoja anamtaja huyu, mwingine yule, na kuna dada yetu mpendwa aliyewapiga kalamu wote watatu kwa ujumbe mmoja wa sauti. Mwishowe wakaniuliza: mchungaji anasemaje?

Mchungaji ana jambo la kusema. Lakini kwanza tuwabebe walio nyumbani, wasiachwe njiani.

Chukua raga, mchezo tunaoujua. Sasa ruhusu mchezaji arushe mpira mbele. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, ambazo ni kama mita 9. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Njia za kusogea ni mbili. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, anaweza kuurusha mpira kwa mwenzake aliye mbele. Au anaweza kumkabidhi mkimbiaji mkononi, naye apenye katikati ya miili ya watu. Hiyo ya pili ndiyo tunaita mchezo wa kukimbia. Haina madoido. Lakini ndiyo inayokupa yadi moja siku unayohitaji yadi moja, ndiyo inayokula saa ukiwa unaongoza, na ndiyo inayomzuia mpinzani asitume watu wake wote kwenda kuwinda pasi zako.

Na usiseme ni mambo ya Wazungu tu. Mkenya mwenzetu, Daniel Adongo, alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Kwa hiyo kaa hapa.

Sasa, Pittsburgh ni mji uliojengwa na viwanda vya chuma, na jina la timu limetoka hukohuko. Watu wake wanapenda mchezo wa kusukumana. Miaka ya 1970 walikuwa na Franco Harris, na timu ikatwaa Super Bowl mara nne katika muongo mmoja. Baadaye wakapata Jerome Bettis, mtu mzito ambaye mashabiki walimwita Basi, na hukuhitaji kuuliza kwa nini ukimwona anakuja. Steelers kushindwa kukimbia ni kama Iten kukosa mwanariadha.

Mwaka 2020 ndivyo ilivyokuwa. Walianza msimu kwa kushinda mechi 11 mfululizo, na ukitazama jedwali tu ungesema hawa wamefika. Lakini chini ya ushindi kulikuwa na ufa. Walimaliza msimu wakiwa wa mwisho kati ya timu 32 katika kukimbia: wastani wa yadi 84.4 kwa mechi, na yadi 3.6 kila mkimbiaji alipopewa mpira. Desemba ilipofika wakapoteza mechi tatu mfululizo. Ya kwanza ya hizo, dhidi ya Washington, walifika hatua moja tu kutoka mstari wa goli, wakasukuma, wakasukuma, wakarudi mikono mitupu. Januari 2021, kwenye mechi ya mtoano nyumbani kwao, Cleveland Browns waliwafunga alama 28 kabla ya robo ya kwanza kuisha. Ikaisha 48 kwa 37. Kwotabeki wao, Ben Roethlisberger, alirusha mpira mara 68 usiku huo. Mara 68! Mkulima akichimba shimba moja mara 68 kwa jembe lilelile, jirani lazima aulize kama hana jembe jingine.

Siku chache baadaye timu ikatangaza kwamba mikataba ya wasaidizi kadhaa haitaongezwa. Wawili kati yao ndio wanaotuhusu. Randy Fichtner alikuwa mratibu wa mashambulizi, yaani ndiye aliyechagua mbinu gani ichezwe. Shaun Sarrett alikuwa kocha wa ukuta, wale watu watano wakubwa wanaosimama mbele na kumfungulia njia mkimbiaji. Wa tatu, Eddie Faulkner, kocha wa wakimbiaji, alibaki na kazi yake. Na ubishi wa kundi letu umekaa hapo: kati ya hawa watatu, nani aliharibu?

Nianze na yule ambaye kesi yake ni fupi.

Faulkner. Watu wanamlaumu kwa sababu cheo chake kina neno "wakimbiaji", basi wanadhani kila kitu cha kukimbia ni chake. Lakini fikiria kazi yenyewe. Anamfundisha mtu ashike mpira vizuri, asome njia, asianguke kwa mguso wa kwanza. Njia ikiwa haipo, amfundishe nini? Na wakimbiaji walewale waliweza kazi mwanzoni. Mechi ya kwanza dhidi ya New York Giants, Benny Snell alikimbia yadi 113. Ya pili, dhidi ya Denver, James Conner akapata 106. Ya tatu, dhidi ya Houston, Conner tena 109. Mechi tatu mfululizo, kila moja ikiwa na mtu aliyevuka yadi 100! Kama mwalimu ndiye mbovu, wanafunzi walipitaje mtihani Septemba?

Swali hilohilo lishike, maana linawahusu wote watatu. Makocha wa Septemba ndio makocha wa Desemba. Kama timu iliweza na baadaye ikashindwa, na mwalimu hakubadilika, basi kitu kingine kilibadilika. Kipi?

Hapo ndipo namleta Fichtner, na hapa sitamwonea huruma sana.

Roethlisberger alikuwa na umri wa miaka 38, ametoka kufanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka uliotangulia. Mpango uliotengenezwa ukawa hivi: asimame hatua kadhaa nyuma ya ukuta, apokee mpira, autoe mkononi haraka. Hakuna kwotabeki katika ligi aliyeutoa mpira haraka kama yeye msimu ule. Faida ilionekana: aliangushwa na mpira mara 13 tu msimu mzima, na hakuna timu iliyoangushiwa kwotabeki mara chache kuliko Steelers. Ukitazama hapo unasema ukuta ni imara.

Lakini kila mpango una bei yake. Wapinzani walisoma. Waliona pasi ni fupi, wakasogea mbele, wakajazana karibu na mstari. Ukijazana karibu na mstari unazuia pasi fupi, na kwa miguu hiyohiyo umeziba njia ya mkimbiaji. Mkimbiaji akipewa mpira anakuta watu saba au wanane wanamsubiri kama makanga wa stendi ya Machakos wanavyomsubiri abiria mwenye mzigo. Dawa yake inajulikana na kila kocha: rusha mbali uwarudishe nyuma, au badilisha namna unavyojipanga ili wasijue kinachokuja. Fichtner aliona tatizo lilelile Novemba, akaliona Desemba, na jibu likawa pasi fupi nyingine.

Najua utetezi wake. Roethlisberger alikuwa mtu mkubwa pale, alikuwa na sauti katika kuchagua mbinu, na si rahisi msaidizi kumwambia mtu aliyeshinda Super Bowl mbili kwamba leo tutafanya tofauti. Kweli kabisa. Lakini jina lililokuwa mlangoni lilikuwa la Fichtner. Kama unaitwa mratibu, basi ratibu.

Kwa hiyo kati ya wasaidizi watatu, nikilazimishwa kunyoosha kidole kimoja, kinaenda kwake. Wa Pittsburgh walionitumia ujumbe wakitaka jibu la neno moja, hilo hapo, mnaweza kuishia hapa mkanywe chai.

Lakini mtu aliyeniumiza roho katika habari hii ni Sarrett.

Wale mnaosoma Mambo ya Walawi mnaikumbuka sura ya 16. Mbuzi wawili. Mmoja anachinjwa, na wa pili anawekewa kichwani makosa ya watu wote kisha anapelekwa nyikani. Kwenye michezo yule mbuzi wa pili amepewa cheo na filimbi, anaitwa kocha msaidizi. Hana hatia zaidi ya wengine. Kosa lake ni kwamba anabebeka.

Hebu tuhesabu alichopewa Sarrett, maana watu wanamhukumu bila kuhesabu.

Kabla yake, kuanzia 2014 hadi 2018, ukuta ule ulifundishwa na Mike Munchak. Huyo si mtu wa kawaida. Alicheza mwenyewe kwenye ukuta wa Houston Oilers hadi akaingizwa katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo mwaka 2001. Aliweza kuchukua mtu asiyetakiwa na kumgeuza nguzo. Alejandro Villanueva alikuwa mwanajeshi aliyetumikia Afghanistan, akajaribiwa kwingine kama mlinzi, akaachwa, na mikononi mwa Munchak akawa mtu wa kutegemewa kwenye pembe ya kushoto. Ramon Foster na Matt Feiler, wote wawili waliingia ligi bila timu yoyote kuwachagua kwenye drafti. Drafti, kwa wasiojua, ni ule utaratibu wa kila mwaka ambapo timu hugawana vijana bora kutoka vyuo vikuu kwa zamu.

Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana hapa ndipo kesi ilipo. Kuanzia drafti ya 2013 hadi ya 2020, Steelers hawakumchagua hata mtu mmoja wa ukuta katika raundi mbili za kwanza. Drafti nane. Walichagua walinzi, wapokeaji wa pasi, mkimbiaji, lakini zile nafasi za bei ghali hazikuenda kwa watu wa ukuta hata mara moja. Walikuwa na Maurkice Pouncey waliyemchagua 2010 na David DeCastro wa 2012, wachezaji wazuri sana, na wakawa wanaishi kwa akiba hiyo mwaka baada ya mwaka.

Kwa nini hakuna aliyepiga kelele? Kwa sababu Munchak alikuwa anafunika. Kila mwaka alikuwa anatoa chakula kwenye sufuria ambayo hakuna aliyeitia unga. Mwaka 2018 mkimbiaji mashuhuri wa timu, Le'Veon Bell, aligoma msimu mzima kwa sababu ya mkataba, na bado James Conner alikimbia yadi 973 nyuma ya ukuta huo. Ukiwa mwenye nyumba na ukaona chakula kinapatikana hivyo, utaenda sokoni kufanya nini?

Januari 2019 Munchak akaondoka kwenda Denver. Sarrett, aliyekuwa msaidizi wake, akapewa kiti. Machi 2020 Foster akastaafu. Mechi ya kwanza ya msimu wa 2020 Zach Banner, aliyekuwa ameshinda nafasi ya pembe ya kulia, akaumia goti, msimu wake ukaishia hapo. Pouncey alikuwa na miaka 31, DeCastro 30, Villanueva 32 kabla ya mwezi wa kwanza wa msimu kuisha. Kwenye kazi ya kugongana na watu wa kilo 140 kila wiki, hiyo ni miaka ya uzee. Msimu ni mrefu. Septemba miili hiyo ilikuwa bado mibichi, na tuliona zile yadi mia mia. Desemba ilikuwa imechoka.

Kwa hiyo kilichobadilika kati ya Septemba na Desemba ni vitu viwili: wapinzani walisoma mpango wa Fichtner, na magoti ya ukuta yalikwisha. Hakuna hata kimoja ambacho Sarrett angekifuta kwa mazoezi ya Jumatano. Deni lilikopwa miaka minane, mtu hodari akalificha miaka mitano, na mrithi wake ndiye aliyetumiwa ankara.

Mnajua ninachokisema, maana tunakifanya hata sisi. Sifa zikienda vibaya Jumapili, nani anaitwa? Kijana wa mitambo. Spika moja imepasuka tangu Krismasi, kamati ya fedha imeahirisha kununua nyingine mara tatu, waya umefungwa kwa utepe wa plasta, lakini anayeulizwa kwa nini sauti inakwaruza ni kijana wa mitambo. Anasimama pale nyuma na vifaa vya sikio shingoni, hana la kusema. Mnyonge hana haki, ndivyo wazee walivyosema, na sijui kwa nini tumeufanya msemo huo kuwa utaratibu wa kazi. Kwenye ofisi zenu ni vivyo hivyo, na msiniambie sivyo, maana mnaniletea maombi ya hizo ofisi.

Turudi Pittsburgh. Kama ningekuwa nakisia tu, mngeweza kunikatalia. Lakini miaka iliyofuata ilitupa jibu, na watu hawalisomi.

Mwaka 2021 walibadilisha makocha. Matt Canada akawa mratibu badala ya Fichtner. Adrian Klemm akachukua ukuta badala ya Sarrett. Na kwenye raundi ya kwanza ya drafti wakamchagua mkimbiaji, Najee Harris wa Chuo Kikuu cha Alabama, kijana mwenye nguvu na moyo. Mashabiki wakapumua. Lakini angalia upande wa ukuta: Pouncey alistaafu, DeCastro akaachwa Juni, Villanueva akaenda Baltimore, Feiler akaenda Los Angeles. Kati ya wale waliokuwa wakianza, wanne walikuwa wameondoka, na mahali pao wakawekwa vijana wachanga. Senta alikuwa Kendrick Green wa raundi ya tatu, na pembe ya kushoto Dan Moore wa raundi ya nne, wote mwaka wao wa kwanza.

Matokeo? Harris alipewa mpira mara 307, akafika yadi 1,200 kwa jasho la damu, wastani wa 3.9. Timu ikawa ya 29 kati ya 32, yadi 93.1 kwa mechi. Kocha mpya wa ukuta, mratibu mpya, mkimbiaji wa raundi ya kwanza, na walipanda ngazi tatu tu. Klemm aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Oregon kabla msimu haujaisha.

Sasa niambie, mpendwa uliyesema Sarrett ndiye ugonjwa: mgonjwa mbona hakupona alipoondolewa?

Mwaka 2022 ndipo walipofungua mfuko. Machi walisajili watu wawili wa ukuta waliokomaa, Mason Cole na James Daniels, wakaanza wote. Kocha wa ukuta akawa Pat Meyer. Mratibu akabaki Canada yuleyule. Mkimbiaji akabaki Harris yuleyule. Timu ikapanda hadi nafasi ya 16, wastani wa yadi 121.9. Novemba dhidi ya New Orleans Saints walikimbia yadi 217 katika mechi moja. Walikuwa wameshinda mbili na kupoteza sita. Wakamaliza na ushindi tisa.

Ndugu mmoja kwenye kundi ameshaniambia kwamba hapo naiba, kwamba Meyer naye alikuwa mpya, kwa hiyo labda ni kazi ya kocha. Hoja nzuri, na sitaikimbia. Meyer ana sehemu yake, na anastahili pongezi. Lakini Klemm naye alikuwa mpya mwaka mmoja kabla, na hakupata kitu. Tofauti kati ya wawili hao ni kwamba mmoja alipewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na mwingine akapewa watu wazima. Nikipewa nafasi ya kuweka shilingi yangu, naiweka kwa waliokuwa uwanjani. (Ni msemo tu. Sichezi kamari, na wewe unayecheza zile za simu tutaongea faragha.)

Kwa hiyo lawama kubwa iko ghorofa ya juu. Kevin Colbert, meneja mkuu, ndiye aliyesimamia drafti hizo nane. Mike Tomlin, kocha mkuu, alikaa naye mezani kwenye zote. Hawa ni watu waliofanikiwa sana, walishinda Super Bowl pamoja msimu wa 2008, na siwavunjii heshima. Lakini walipochagua kila mwaka kununua kitu kingine, huo ulikuwa uamuzi wao, na ulikuwa na gharama, na gharama hiyo haikulipwa na wao. Colbert alistaafu 2022 kwa heshima zake zote. Tomlin aliongezewa mkataba katika Aprili ya mwaka huohuo wa 2021 ambao Sarrett aliambiwa aondoke.

Sisemi msaidizi asiwajibishwe. Fichtner nimemtaja, na bado nasimama pale. Mwaka 2023 ulinipa nguvu zaidi kwa hilo. Canada, aliyemrithi, naye mashambulizi yake yaliganda, na Novemba 21 akaachishwa kazi katikati ya msimu. Siku tano baadaye timu ilisafiri kwenda Cincinnati ikiwa na wachezaji walewale. Walishinda 16 kwa 10, wakakimbia yadi 153, na kwa jumla wakapata yadi 421, mara ya kwanza kuvuka 400 tangu 2020. Wiki moja tu! Kiti cha mratibu kina uzito huo, ndiyo maana nasema kati ya wasaidizi ndiye wa kwanza kuulizwa. Kocha wa ukuta hana kiti cha namna hiyo. Yeye hachagui mbinu wala hachagui watu, anapika alicholetewa.

Na aliyekabidhiwa uratibu wa muda siku hiyo Cincinnati, huku kocha mwenzake Mike Sullivan akiita mbinu uwanjani, ni nani? Eddie Faulkner. Yule kocha wa wakimbiaji ambaye dada yetu amempiga kalamu kwenye ujumbe wa sauti.

Dada, nakupenda katika Bwana. Lakini huyo mrudishe kazini.

Wengine mlio na hoja, andikeni hapo chini, na mtaje namba mnazozitegemea. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, simu yangu imejaa. Na kamati ya fedha, kama mnasoma, ile spika iko kwenye ajenda ya Alhamisi, nimeiweka namba moja.